Jezi Namba Nane Imerudi

Katika nchi ile ilikuwa dakika ya sabini na moja. Jana ilikuwa dakika ya sabini na moja, na juzi, na masika yaliyopita, na masika ya kabla yake. Saa ya uwanja wa taifa ilisimama siku ile Kheri Mwinshehe, mvaa jezi namba nane, alipotolewa nje katikati ya mechi akapita mbele ya mkono wa mwalimu wake bila kuushika, na tangu hapo tarakimu zake hazikupepesa. Watu walizoea, maana binadamu huzoea hata kokoto iliyomo kiatuni. Mahindi yaliiva katika dakika ya sabini na moja. Watu walioana, wakanuniana, wakapatana, wakazika wazee wao, yote ndani ya dakika hiyo moja iliyokataa kwisha. Ukimsimamisha mpita njia ukamwuliza, "Ndugu, saa ngapi?" atakujibu, "Sabini na moja," halafu atashusha sauti kama anayemuulizia mgonjwa: "Hajarudi yule?"

Na mkono wa mwalimu nao ulibaki hewani. Ndivyo ilivyo desturi ya huko: salamu isiyoitikiwa haishuki. Mwalimu Lubawa alitembea nao mbele yake, umenyooka, ngumi imefumba, masika matatu. Ndege walitua juu yake. Wanawake wa jirani, wakimkuta amesimama, waliutundikia vikapu vyao huku wakifunga kanga vizuri, wakasema, "Asante mwalimu," wakaenda zao. Kwa kuwa mkono huo ulikuwa wa kulia, na mtu mzima hali kwa kushoto mbele za watu, mkewe alimlisha matonge mdomoni kama kifaranga. Hakulalamika. Alitafuna, akatazama mbali.

Kheri naye alikuwa na lake. Siku alipotoka uwanjani, mstari wa chokaa ulimfuata. Alipofika nyumbani ulikuwa umeshatangulia na kuizunguka nyumba. Kila alipokwenda ulikuwa mbele ya vidole vya miguu yake, mweupe, mnyoofu, naye daima yuko upande wa nje. Sokoni ulipita kati yake na mafungu ya nyanya. Kitandani ulipita juu ya shuka. Watu wawili tu waliuvuka bila kuuona: mkewe Sikudhani, aliyeuvuka akiwa na ndoo ya maji kichwani na wimbo mdomoni, na binti yao Tausi, aliyeufuta kwa makalio alipokuwa akijifunza kutambaa na sasa aliuruka kwa mguu mmoja, akidhani ni mchezo ambao baba yake ameuchora kwa ajili yake.

Tausi alizaliwa siku ile ile, katika dakika ile ile. Kwa hiyo alikuwa na masika matatu na hakuwa hata na dakika moja. Sikudhani alipompeleka chekechea, mwalimu mkuu alifungua daftari, akauliza umri, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Mama, mtoto hajatimiza dakika. Hatupokei mtoto asiyetimiza dakika. Mrudishe, mje ikiisha."

"Itaisha lini?"

"Hilo kamwulize mumeo."

Sikudhani hakumwuliza. Alirudi nyumbani, akamvua Tausi sare ya shule aliyokuwa ameishona mwenyewe, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mto. Kheri aliiona. Tangu siku hiyo kila alipolala shavu lake liligusa kola.

Je, mtu hutoka mahali kwa miguu tu? Ndilo swali alilokuwa akilichekecha Kheri akiwa amechuchumaa kwenye karo la nyumba, mikono ndani ya povu, akifua magauni madogo ambayo hayakuzidi upana wa kiganja chake. Maana miguu yake ilikuwa hapa, katika maji ya sabuni, lakini bega lake la kushoto lilikuwa bado linangoja pasi, na sikio lake bado lilisikia watu elfu arobaini wakivuta pumzi kwa pamoja. Kama nusu yangu iko kule, aliwaza, basi aliyekuja hapa ni nani? Na huyu aliyeko hapa, ambaye Tausi anamwita baba, akirudi kule atamkuta nani amevaa jina lake?

Sikutoka. Nilitolewa.

Nilitolewa, lakini nilipita.

Mkono ulikuwa pale. Niliuona. Niliuona vizuri.

Jioni ya siku ile mtangazaji alimwuliza Mwalimu Lubawa, "Na Kheri je?" Mwalimu akajibu neno moja. Lakini redio za nchi nzima zilikuwa zimechoka kwa kelele za mchana kutwa. Zikasema "Nitamrudi," zikakohoa, zikanyamaza. Kheri aliisikia akiwa amesimama nje ya duka la mtu. Nitamrudi! Anirudi mimi? Kama mtoto aliyevunja bakuli? Yeye, mwanamume mwenye ndevu, aliyeifungia nchi mabao kumi na tisa, atiwe adabu redioni! Mtangazaji alipomfuata naye, akamjibu maneno ambayo mpaka leo yameandikwa kwa mkaa kwenye kuta za mji: "Mimi si mtoto wa kurudiwa. Sirudi, wala sirudiwi." Yalikaa vizuri mdomoni siku ile. Maneno ya hasira ni kama ukwaju: kwanza mate yanakujaa, ganzi ya meno inafuata baadaye.

Basi, asubuhi moja ya dakika ya sabini na moja, kifurushi kikakutwa mlangoni, kimefungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Bi Mwasiti, mfuaji wa jezi za taifa, hakupenda kuandika kwenye karatasi kwa sababu karatasi haivumilii maji. Alipokuwa na neno la kusema aliliandika kwa ukucha kwenye sabuni. Kheri akaigeuzageuza mwangani, akasoma.

"Mama Tausi!" akaita. "Sabuni imezungumza."

"Ikizungumza sana itakwisha," Sikudhani akajibu kutoka jikoni. "Inasemaje?"

"Inasema, *Jezi namba nane imerudi. Njoo leo.*"

Jikoni mwiko ukanyamaza. Sikudhani akatokea na unga mikononi, akaisoma sabuni mwenyewe, akairudia, midomo ikimcheza. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusomwa majina. Kila mtu aliijua. Katika nchi ile majina ya timu yaliandikwa kwenye ubao mweusi uwanjani, yakaitwa moja moja. Jina lililoitwa mara tatu bila kuitika lilifutwa kwa kitambaa chenye maji, na likishafutwa hata mama yake mwenye jina hulitafuta mdomoni asilipate. La Kheri lilikuwa limeachwa ubaoni masika yote matatu. Leo, watu walisema, ndiyo mara ya mwisho kuitwa.

"Imerudi," Kheri akasema polepole. "Kwa hiyo waliipeleka kwa mtu mwingine, ikamkataa. Imerudi kwangu. Wananitaka, Siku."

"Mimi nilijua." Macho yake yaling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. "Kaoge. Na uvae viatu vinavyofanana, nakuomba, usije ukanitia aibu mbele ya watu elfu arobaini."

"Nani kakwambia nakwenda?"

"Wewe. Umeshatia mguu mmoja kwenye beseni."

Akajitazama. Kweli.

Wakaenda wote watatu, Tausi mabegani kwa baba yake, ameshika masikio yake mawili kama anayeendesha baiskeli. Mstari wa chokaa ulitangulia. Watu walitoka vibarazani wakautazama ukipita, kisha wakamtazama mwenyewe, na muuza mihogo mmoja akamlilia kwa mzaha, "Kheri! Twende basi hata dakika ya sabini na mbili, mafuta yangu yamechemka masika matatu!" Kheri akacheka. Alishangaa kusikia kicheko chake. Kilikuwa kama cha mtu mwingine, kijana fulani aliyemfahamu zamani, mwenye magoti mazuri. Akatamani kumwuliza habari zake. Njia ilirefuka na kufupika kwa kadiri alivyowaza. Alipowaza lile neno, nitamrudi, uwanja ulikaa mbali nyuma ya vilima. Alipowaza jezi, na ule uzi wa manjano uliokuwa umefumuka kwapani, na harufu yake, geti likawa puani.

"Baba," Tausi akasema huko juu.

"Naam, mama."

"Tunaenda kuludi?"

Kheri akamshika vizuri miguu. Neno lile lilikuwa na vyumba vingi mno. Aliyesafiri hurudi. Mtoto mtundu hurudiwa. Lugha hii imewaweka msafiri na fimbo katika nyumba moja, aliwaza, wala haikutuambia nani anafungua mlango ukibisha.

Bi Mwasiti walimkuta nyuma ya jukwaa, kwenye ua wa kamba. Kamba zilipita juu kila upande na jezi za nchi nzima zikining'inia kichwa chini, zikitiririka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwanamke mpana, mikono imekunjamana kwa maji hata alama za vidole zimefutika.

"Shikamoo Bi Mwasiti."

"Marahaba. Umekonda. Marahaba na wewe, mama, na hiki kidudu kizuri hapo juu. Kaeni. Au msikae, hakuna pa kukaa."

"Nimeipata sabuni," Kheri akasema. "Iko wapi?"

Bi Mwasiti akanyoosha kidole.

Mwisho wa kamba, imebanwa kwa vibanio viwili, ilining'inia jezi namba nane. Uzi wa manjano ulikuwepo. Namba ilikuwepo. Lakini jezi yote haikuzidi kitambaa cha kufunikia bakuli.

"Nimekwambia imerudi," Bi Mwasiti akasema kwa huzuni. "Kila Ijumaa niliifua, isije ikasahau maji. Nikasema mwenyewe akija asikute vumbi. Basi kila nikifua inarudi kidogo, kila nikifua inarudi kidogo. Nguo isiyovaliwa ndiyo tabia yake, haina mwili wa kuikumbusha ukubwa. Nimeona nikuite uione kabla haijawa leso."

Imerudi! Chumba cha tatu cha neno lile, na Kheri hakuwahi hata kukichungulia. Hakuna aliyeileta. Hakuna aliyemtaka. Ilikuwa imejikunyata tu, kidogo kidogo, Ijumaa kwa Ijumaa, kama yeye. Aliitoa kwenye vibanio, akaipima kifuani. Ilimfika mbavu mbili. Sikudhani akafunika mdomo. Haikueleweka kama ni kicheko au kilio, na pengine hata yeye hakujua, maana mabega yalitikisika kwa namna ile ile.

Nilidhani nimeacha kitu kikubwa.

Kumbe kikubwa nilikuwa nakizuia kisinifike, kikawa kidogo huko huko.

Kutoka ndani ya uwanja sauti ikapanda, ya msoma majina, imepakwa mwangwi: "Namba nane, Kheri Mwinshehe! Mara ya kwanza!"

"Twende nyumbani," Kheri akasema.

"Baba Tausi..."

"Twende. Nitavaa nini, Siku? Niitike na kifua wazi?"

Lakini Tausi alikuwa ameshateremka. Aliichukua jezi mikononi mwa baba yake kama mtu anayechukua kilicho chake, akapitisha kichwa, akapotea humo, akaibuka, akatoa mkono mmoja, akatafuta mwingine. Ikamkaa. Ilimkaa barabara, mabega kwa mabega, namba nane imeenea mgongoni kutoka shingo mpaka kiuno. Akazunguka ili waione.

Ndipo mkono ukaingia uani. Ulitangulia wenyewe, umenyooka, ngumi imefumba, kikapu cha mtu kinaning'inia kwenye kifundo, na nyuma yake akafuata Mwalimu Lubawa, mzee kuliko picha zake. Alikuja kuulizia soksi. Alipomwona Kheri akasimama. Mstari wa chokaa ulikuwa kati yao.

Wanaume wawili wakatazamana kama watu waliogongana mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake apite. Kheri alijua la kufanya. Tangu utotoni alifundishwa, mdogo ndiye huanza. Shikamoo. Silabi nne tu.

"Chikamoo," Tausi akasema. Alikuwa ameuruka mstari kwa mguu mmoja, akasimama chini ya ule mkono, ameinua uso. Na kwa kuwa alifundishwa kwamba anayeamkia hutoa mkono, akautoa. Akakuta ngumi. Hakukubali. Akaishika kwa mikono miwili, akaishusha mpaka kifuani kwake, akaanza kuifungua kidole kimoja kimoja, akihesabu kwa namna aliyoizoea, kwa maana katika nyumba yao hesabu zote ziliishia mahali pamoja: "Moja. Mbili. Tatu. Nane."

Kidole cha nne kilipofunguka, karatasi ikaanguka.

Ilikuwa imelowa jasho la masika matatu, imekunjwa ikakunjika. Sikudhani akaiokota, maana ilikuwa imeangukia miguuni pake. Aliisoma, akakaa chini palepale, penye matope, na kanga yake nzuri.

"Nini?" Kheri akauliza. "Siku, nini?"

Akampa. Herufi zilikuwa za haraka, za mkunga: *Mke wa namba nane ameshikwa na uchungu. Mwachieni aje.*

Jua lilikuwepo, lakini Kheri aliona ubao ule wa kubadilisha wachezaji ukiinuliwa, nane kwa nyekundu. Alijiona akitembea, shingo imesimama, akiupita mkono. Akajiona akizunguka nje ya uwanja mpaka magharibi, akipiga teke makopo, wakati hatua elfu mbili kutoka hapo Sikudhani akiuma kanga na kuuliza mlangoni kama amefika. Alifika mtoto ameshaoshwa, ameshalala. Aliingia wodini na viatu vya njumu, kwa-kwa-kwa juu ya sakafu, na wakunga wakacheka. Sikudhani hakuwahi kumlaumu. Alisema tu kwamba sauti ile ya njumu ndiyo ya kwanza Tausi kuigeukia.

"Nilikutoa uende kwa mkeo," Mwalimu Lubawa akasema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Ukapita."

"Kwa nini hukusema?"

"Mkono ulikuwa unasema. Halafu redio... Nilisikia redio ilivyolimeza neno langu. Nikasema kesho nitalisahihisha. Kesho haikuja, ilikuwa sabini na moja tu. Na mtu mzima, Kheri, ana ugonjwa huu: akishasikika vibaya anaona haya kusema tena, anaona afadhali avimbe. Nimevimba. Nimelishwa na mke wangu kama mtoto mchanga. Nimetundikiwa vikapu."

"Kile ni changu," Bi Mwasiti akasema, "naomba."

Sikudhani, bado amekaa matopeni, akaangua kicheko safari hii bila shaka yoyote, na machozi ndani yake.

"Namba nane, Kheri Mwinshehe! Mara ya pili!"

Tausi hakuwa amejibiwa. Aliuvuta mkono, ambao sasa ulikuwa umelegea, mzito, wa mtu. "Chikamoo!"

Mwalimu Lubawa akainama. "Marahaba," akamwambia. "Marahaba, mama yangu." Akalamba midomo, kana kwamba amekionja kitu mwishoni mwa neno ambacho alikuwa amekipoteza. Akalirudia taratibu, mdomo wazi: "Marahabaa."

Kheri alitazama chini. Mstari wa chokaa ulikuwa pale mbele ya vidole vyake, na katikati yake pengo, upana wa nyayo mbili ndogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile mtangazaji alikuuliza, na Kheri je. Ulimjibu nini?"

"Unajua nilivyojibu."

"Najua nilivyosikia." Akapitia penye pengo. Akausogelea mkono ule, akaushika kwa mikono yake miwili iliyokunjamana kwa sabuni, ukashuka nayo, chini, chini, mpaka ukafika pahali mikono ya watu hukaa. "Rudia, mwalimu."

"Nilisema nitamrudia." Neno likatoka zima, na mkia wake. "Akishamwona mwanawe, nitamrudia. Ndivyo nilivyokusudia. Nikachelewa."

Juu ya jukwaa kitu kikapepesa. Hakuna aliyeelewa mara moja, maana macho yalikuwa yamesahau kutazama huko. Kisha uwanja mzima ukaguna, ukasimama, na kutoka barabarani muuza mihogo akapiga yowe. Sabini na mbili. Sikudhani aliitazama ile mbili, nzuri, yenye shingo ya bata, akawaza sare iliyo chini ya mto, kwamba kesho, kama kesho ingekubali kuja, ataipiga pasi.

"Namba nane, Kheri Mwinshehe!" Msoma majina alikuwa na haraka sasa, kama watu wote. "Mara ya tatu!"

"Nipo!" Kheri akaita.

Ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. Jezi zote kwenye kamba zikatikisika. Halafu akakumbuka, akajitazama kifua, akamtazama Tausi aliyekuwa amevaa kila alichokuwa nacho yeye duniani. "Lakini sina nguo," akasema.

Bi Mwasiti akaguna, akavuta beseni lililokuwa chini ya kigoda chake muda wote huo. Ndani, majini, kililala kitambaa kipya cha rangi ya taifa, hakijakatwa, hakijashonwa, hakina namba.

"Nimekiloweka tangu alfajiri," akasema. "Fundi mwenye akili haanzi na mkasi, anaanza na maji. Ukishona kitambaa kabla hakijarudi, kitakurudia mwilini siku ya mvua ya kwanza, ubaki unahema. Kiache kirudi kwanza. Kikisharudi, basi, hakirudi tena." Akakiinua, akakikamua, akakikung'uta mara moja juani, matone yakawarukia wote, Tausi akapiga kelele kwa furaha. Bi Mwasiti akakivuta huku, akakivuta kule, akakitazama kwa jicho moja.

"Kimerudi," akasema. Akachukua utepe shingoni mwake. "Haya, Kheri. Njoo nikupime."